Tangawizi ya Sokoni Kwenye Ndoo: Kuotesha Mimea ya Nyumbani Lamu na Malindi

Maelezo mengi ya kuotesha tangawizi nyumbani yametungwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi: tafuta pembe yenye joto, weka dirishani penye jua, funika kwa mfuko wa plastiki. Mtu wa Lamu au Malindi akiyafuata neno kwa neno, tangawizi itamfia. Joto tunalo mwaka mzima. Jua la adhuhuri huku huunguza majani. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Adui za tangawizi pwani ni wengine: maji ya chumvi, udongo wenye chokaa, na maji yanayotuama chini ya chombo. Ukiwamudu hao watatu, kilichobaki ni subira ya miezi minane.

Kuchagua tunguu

Tangawizi ya chai haihitaji kuchaguliwa sana, ila ya kupanda chukua muda wako. Ligeuze mkononi tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo, utazame ncha za vidole vyake. Jicho zima ni kinundu kidogo cha rangi ya krimu au kijani hafifu, kimefunikwa na maganda membamba yaliyopandana. Kidole kilichovunjwa hakina jicho kwenye kovu lake, lakini angalia ubavuni, juu ya ile mistari inayolizunguka tunguu kama pete, mara nyingi hapo pana jicho jingine limelala. Kibonyeze kipande kwa dole gumba. Kisibonyee. Kiwe kizito kuliko macho yalivyokadiria, na ngozi isiwe imekunjana. Kilicholegea upande mmoja kimeshaanza kuoza ndani, hata kama nje kinang'aa.

Tangawizi ya supamaketi huwa safi na nzuri kutazama, na hapo ndipo penye mashaka. Ikiwa imekaa kwenye baridi kwa muda, macho huwa yamekufa, na nyingine hutiwa dawa ya kuzuia isichipue rafuni. Inaweza kuota, lakini bahati nasibu ni kubwa. Afadhali ile ya soko la wazi iliyomwagwa juu ya gunia ikiwa bado na udongo, na hasa vile vipande vya chini ambavyo ncha zake zimeanza kuwa kijani. Mpishi huviruka akidhani vimezeeka. Ndivyo unavyovitaka wewe. Robo kilo inatosha vipande vinne hadi sita vya kupanda.

Ukifika nyumbani, loweka tangawizi nzima kwenye maji baridi yasiyo na chumvi usiku kucha, ukibadilisha maji mara moja. Hii huondoa sehemu ya dawa kama ilitiwa, na hurudishia unyevu tunguu lililokauka. Asubuhi likate kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti au kupitishwa motoni. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 3 hadi 5 na macho mawili au zaidi. Ukikata vidogo zaidi ya hapo chipukizi hukosa akiba ya chakula na hutoka limedhoofu. Tangawizi yenyewe ikiwa ndogo, usiikate, ipande nzima.

Sasa ianike kivulini penye hewa mpaka vidonda vikauke na kufanya ngozi. Wakati wa kaskazi, msimu wa ukavu, siku mbili zinatosha, wakati wa mvua za masika huenda zikafika nne. Usiharakishe hatua hii. Kidonda kibichi kikizikwa kwenye udongo wa unyevunyevu huingia kuvu, na utakuja kugundua wiki ya tatu, ukifukua na kukuta uji.

Kuchipusha kabla ya kupanda

Unaweza kukizika kipande moja kwa moja kwenye ndoo, lakini kukichipusha kwanza kuna faida: unaona kilicho hai na kilichokufa kabla ya kupoteza udongo na nafasi. Tafuta sahani pana au nusu ya kopo, tandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuloweshwa, kisha laza vipande macho yakitazama juu, nusu vizame na nusu vibaki nje. Funika kwa chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi ili hewa ipite. Weka kivulini.

Makumbi yafinye mkononi: yakitoa matone mawili matatu yako sawa, yakimwaga maji yamezidi. Kwa joto letu la nyuzi 27 hadi 31, macho huanza kuvimba kati ya wiki ya pili na ya nne. Ncha hutanuka, maganda yake hupasuka, kisha huchomoza kitu kama mkuki mfupi, cheupe chenye wekundu kidogo chini. Kikifika urefu wa sentimita 2 kiko tayari kuhamia kwenye ndoo. Wiki sita zikipita kimya, bonyeza tena. Kikiwa kigumu subiri, kwa sababu tangawizi iliyovunwa karibuni hulala kwanza kabla ya kuamka. Kikiwa laini au kinanuka, tupa kipande pamoja na makumbi yaliyokigusa.

Kuhusu hayo makumbi, kuna jambo la kuangalia. Makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na hata ya kawaida huwa nayo kiasi. Yaloweke kwenye ndoo ya maji matamu kwa siku tatu, umwage na kujaza upya kila siku. Maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Kama bado yana ladha, endelea.

Udongo, na kwa nini majivu hayafai huku

Tangawizi hupenda udongo wenye asidi kidogo, kiwango cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Udongo uliochotwa kando ya ukuta wa zamani, penye plasta iliyobomoka, una chokaa kiasi cha kuifungia mizizi madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga yanayogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wengi wakiona umanjano huo huongeza majivu au maganda ya mayai, na hivyo wanaongeza kilekile kinachouumiza mmea. Ushauri wa majivu ni mzuri bara kwenye udongo wenye asidi kali. Lamu na Malindi, majivu yaacheni jikoni.

Mchanganyiko unaofaa ni huu: sehemu mbili za udongo mweusi au mwekundu wa shambani, sehemu moja ya samadi iliyooza au mboji, na sehemu moja ya makumbi yaliyosafishwa kama tulivyosema. Mchanga wa ufuoni usiutie, hata ukiuosha, kwa kuwa una vipande vya kome na matumbawe ndani yake. Ukihitaji mchanga, tafuta wa mtoni. Walio Malindi wana bahati ya kuwa karibu na mto Sabaki.

Samadi ya punda Lamu ni ya bure, inakusubiri kichochoroni, lakini usiitie mbichi. Punda hasagi chakula chake vizuri kama ng'ombe, kwa hiyo mbegu za magugu hupita tumboni zikiwa nzima, na samadi mbichi huchoma mizizi. Irundike pamoja na majani makavu, irashie maji, ifunike kwa gunia, igeuze kila wiki. Rundo likipata joto la kutosha katikati, mbegu hufa. Baada ya miezi mitatu inakuwa nyeusi, inavunjika mkononi na inanukia udongo. Ikiwa bado inanuka zizi, haijaiva.

Chombo kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, maana tunguu hutambaa kwenda pembeni na halichimbi chini. Karai kuukuu, beseni lililopasuka au ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri, vyote vinafaa. Upana wa sentimita 30 hubeba vipande viwili, usizidishe. Toboa matundu sita hadi nane kitakoni kwa msumari uliopashwa moto, yawe na ukubwa wa kupitisha penseli. Kisha fanya jaribio kabla ya kupanda: jaza udongo, mimina lita moja ya maji. Yanapaswa kuanza kutoka chini ndani ya dakika moja au mbili. Yakisimama juu, ongeza makumbi.

Jaza chombo theluthi mbili tu. Weka kipande, macho juu, funika kwa udongo wa sentimita 3 hadi 5. Nafasi iliyobaki juu ina kazi baadaye.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwishoni mwa Februari au Machi, ili masika yakianza mmea uwe na majani ya kunywa mvua. Miezi mingine inawezekana pia, ila anayepanda Desemba atakuwa akipambana na ukavu wa kaskazi kuanzia siku ya kwanza.

Maji ndiyo mtihani

Visima vingi vya mji wa Lamu vina chumvi, na maji matamu ya mji hutegemea vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya mvua chini yake. Kabla ya kumwagilia chochote, jua maji yako. Onja. Kama huna uhakika, sugua sabuni ya mche kwenye bakuli la maji hayo: yasipotoa povu kirahisi, yana madini mengi. Maji ya namna hiyo hayaiui tangawizi siku moja. Kila unapomwagilia, maji hupanda hewani na chumvi hubaki, mpaka siku moja ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia kana kwamba zimechomwa kwa sigara, na ukoko mweupe unatanda juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu.

Maji bora ni ya mvua. Mtungi wa lita 20 chini ya mfereji wa paa, uliofunikwa kwa kitambaa, unaweza kukuokoa wiki nzima. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo ni safi, hayana chumvi wala chokaa, na nyumba yenye kiyoyozi kimoja hukusanya ndoo bila kujua. Maji ya kuoshea mchele yanafaa pia, mradi hayakutiwa chumvi. Ya kuoshea samaki, hapana. Usipokuwa na njia ila maji ya kisima, yachanganye nusu kwa nusu na ya mvua, na kila wiki mbili suuza udongo: mimina maji matamu polepole mpaka yaliyotoka chini yawe mengi kama nusu ya ujazo wa chombo, uyaache yachuruzike yote.

Kiasi chenyewe hutegemea umri wa mmea. Kabla chipukizi halijatoka, udongo uwe na unyevu kidogo tu. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa ndoo isiyo na jani humfanya mtu amwagilie kwa wasiwasi. Tunguu lisilo na majani halinywi, huoza. Chomeka kidole hadi pingili ya pili, ukikuta ubichi, ondoka. Majani yakishafika matatu au manne, anza kumwagilia kwa kawaida: ndoo ya lita 20 iliyo kivulini hutaka takriban lita moja kila siku ya pili wakati wa kaskazi, na wakati wa masika huenda isitake chochote.

Kisahani cha chini ya chungu kimwage kila jioni, au ukijaze mchanga. Lamu ilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2004, na mbu wanaoeneza ugonjwa huo pamoja na dengi huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotulia nyumbani. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Ndiyo sababu pia mmea wowote unaoutia mizizi kwenye glasi ya maji, maji yake yabadilishwe kila siku ya pili.

Mahali

Ndani ya nyumba za mawe hakuna mwanga wa kutosha. Kidaka ukutani kinapendeza kwa bakuli la kauri, lakini tangawizi ikikaa hapo hurefuka, hupauka, kisha hulala. Kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, ndiyo mahali pake: jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne, kisha kivuli. Ukuta mweupe wa chokaa hurudisha mwanga, ila usiuegemeze mmea ukutani upande wa magharibi, joto linalotoka humo alasiri hukausha majani. Darini, yaani juu ya paa la nyumba, chini ya makuti panafaa pia ukikinga upepo, kwa sababu kusi ukivuma huyachana majani na kuyavunja mashina. Nyumba za Malindi zenye veranda hazina shida hii, weka nyuma ya nguzo.

Usiweke barazani nje. Mbuzi na punda hawaulizi.

Paka ni tatizo jingine, wanaona ndoo ya udongo laini wakadhani wametengewa choo. Tandaza vifuu vya nazi vilivyovunjwa juu ya udongo. Kokoto za matumbawe usizitumie, zinayeyusha chokaa kila unapomwagilia.

Kulisha, kupandishia udongo, na yanayoharibika

Kila wiki tatu mpe mmea maji ya samadi: kilo moja ya samadi iliyoiva kwenye lita 10 za maji, funika siku tatu, chuja, uzimue kwa maji mengine mara tatu yake, umimine nusu lita kwa kila ndoo. Maji ya maganda ya ndizi yanayosifiwa mitandaoni yana lishe kidogo na nzi wengi.

Kuanzia mwezi wa tatu tangu kupanda utaona matunguu mapya yakichungulia juu ya udongo, yakiwa meupe yenye magamba ya waridi. Yakipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa magumu. Yafunike kwa sentimita 3 au 4 za mboji, na urudie mara mbili au tatu mpaka ile theluthi uliyoiacha wazi ijae. Asiyefanya hivi huvuna vidole vyembamba.

Shina likianguka ghafla na kung'oka ukilivuta kidogo, chini yake pakiwa laini na maji, huo ni uozo. Kama harufu si kali na upande mmoja wa tunguu bado ni mgumu, kata sehemu nzima, anika, anza upya kwenye udongo mpya. Kama majani yalinyauka yakiwa bado kijani na tunguu likikatwa linatoa ute wa maziwamaziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Choma mmea, mwaga udongo mbali na bustani, osha ndoo kwa klorini, na usipande humo nyanya wala pilipili, maana nazo hushikwa na ugonjwa huohuo.

Majani yenye vidoadoa vyeupe kama vumbi na utando mwembamba upande wa chini yana utitiri mwekundu, ambao hupenda hewa kavu ya Januari na Februari. Wadudu weupe kama vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani ni jamii nyingine. Wote unawafuta kwa kitambaa, kisha unanyunyiza maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni, juu na chini ya jani. Jaribu jani moja kwanza usubiri siku nzima. Mwarobaini husaidia: ponda konzi mbili za majani, loweka kwenye lita mbili usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza. Rudia baada ya siku tano, mayai hayafi mara moja.

Kuvuna unaweza kuanza mwezi wa tano tangu kupanda: fukua pembeni kwa vidole, vunja kidole kimoja, fukia. Hiyo ni tangawizi changa, ngozi yake haihitaji kumenywa na ukali wake ni mdogo. Tangawizi kamili hungojwa mpaka majani yawe manjano yenyewe, mwezi wa nane hadi wa kumi. Wiki mbili kabla acha kumwagilia. Vipande vilivyonona zaidi, vyenye macho makubwa, usivipeleke jikoni, viweke kwenye mchanga mkavu wa mtoni kivulini hadi Februari.

Mingine ya kapuni

Manjano mabichi hupandwa vilevile kabisa, ila huchelewa kuamka, na majani yake mapana yanapamba kiwanda kuliko ya tangawizi. Mchaichai ni rahisi kupita kiasi: chagua mashina ambayo kitako chake hakikukatwa, yasimamishe kwenye maji ya sentimita 3, na ndani ya wiki mbili hivi utaona mizizi. Huo unataka jua lote, peleka darini. Nanaa ya fungu la sokoni, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, tia majini, mizizi hutoka kwa siku kumi. Kiazi kitamu kizamishe nusu, kitashusha majani mazuri kutoka juu ya rafu, na majani yenyewe ni mboga.

Nanasi linastahili maneno machache zaidi, kwa sababu linavumilia ukavu wa huku. Shika kishungi, kizungushe kiking'oke, ondoa nyama yote ya tunda iliyobaki, maana hiyo ndiyo huoza. Bandua majani ya chini mpaka sentimita 3 za shina zionekane, anika siku tatu, panda. Tunda huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, na hupenda jua.

Parachichi, kusema kweli, Lamu ni kazi ya bure. Kokwa huota vizuri kwenye glasi, ncha juu na kitako majini, lakini ni katika miti inayochukia chumvi kuliko yote, na majani yake huanza kuungua ncha mapema. Asiye na maji ya mvua ya kutosha mwaka mzima aache.

Ambaye kisima chake kimekataa yote hayo, apande tende. Mtende huvumilia chumvi ambayo ingeua kila mmea uliotajwa hapa. Wakati wa Ramadhani kokwa ziko kila sinia: osha utamu wote utoke, loweka siku mbili ukibadilisha maji, zizike sentimita 2 kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na makumbi, kwenye chombo kirefu kwa kuwa mzizi wake huchimba chini kwanza. Tende zilizopikwa au kutiwa ndani ya keki hazioti. Baada ya wiki tatu hadi nane hutoka jani moja jembamba lililosimama kama unyasi, usiling'oe ukidhani ni gugu. Majani yaliyopasuka kama ya mtende mkubwa hayaji mpaka mmea ukomae kidogo, na matunda usiyahesabu, kwa kuwa mitende ina madume na majike na kokwa haikuambii ni ipi. Mwagilia maji ya kisima bila wasiwasi, ila suuza udongo kwa maji ya mvua masika yakija.